Tamasha la maepo la kisiwani kule Kanada, na sisi Mafia tunaweza kufanya la maembe?

mwana_kilindoni

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni. Mimi ni mtu wa Mafia ila kwa sasa makazi yangu ni Mbagala, kuna jambo linanizunguka kichwani nimeona nilete hapa kwenye watu wengi.

Binamu yangu yupo Vancouver huko Kanada, amenitumia video za tamasha la maepo wanalofanya kila mwaka kwenye kisiwa kinaitwa Salt Spring. Kisiwa cha wakulima, unafika kwa feri. Nilichokiona ni meza ndefu imejaa maepo ya kila rangi, kila aina imewekewa kikaratasi cha jina lake, watu wanapita wanasoma, wanaonja, wanawauliza wazee waliokaa nyuma ya meza. Nikawaza kwetu. Mafia maembe mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza yanaozea chini, ndoo inauzwa bei ya kutupa kwa sababu soko ni palepale na ukisema uyavushe mpaka bandari ya Nyamisati huko bara halafu yapande gari mpaka Dar yanafika yameshapondeka. Na ile miembe mikubwa ya zamani inazidi kukatwa, mingine inachongwa ngalawa, mingine inaishia mkaa. Mwembe ukikatwa na ulikuwa peke yake wa aina ile ndo imeisha hiyo. Watoto wa siku hizi ukiwauliza maembe wanakutajia dodo na bolibo, wakijitahidi sana sindano, basi.

Sasa kuna mtu humu amewahi kufika huko anieleze wanaliendeshaje, nani analipa, inakuwaje watu wanatoka mbali kwenda kuangalia matunda? Na nyie wa visiwani pamoja na mabwana shamba, kitu kama hiki kwa maembe kinawezekana Mafia au kitakufa mwaka wa kwanza? Naomba ukweli hata kama unauma.

mama_wa_tegeta

Mdogo wangu asante kwa kuleta hii. Nimeishi Victoria, mji ambao uko ng'ambo tu ya maji ukitokea hicho kisiwa, na kwenye hilo tamasha nimeenda na familia. Unapanda feri pale Swartz Bay, dakika kama 35 umeshuka Fulford, na shughuli zenyewe zinaanzia kwenye ukumbi wa kijiji palepale karibu.

Kwanza ujue kile sio kisiwa kikubwa. Ni kama kilomita za mraba 180, watu 11,000 na kitu kwa sensa yao ya 2021. Mafia ni zaidi ya mara mbili ya hapo kwa ukubwa, na watu wenu kwa sensa ya 2022 wamepita 60,000. Kwa hiyo mtu asikwambie Mafia ni padogo.

Maepo yalifika kule miaka ya 1860 na walowezi. Na hapa naomba nikae kidogo maana watu wetu wengi hawaijui hii, kati ya walowezi wa mwanzo kabisa wa Salt Spring walikuwepo watu weusi waliotoka California. Walikuwa watu huru lakini sheria za kule ziliwabana, mtu mweusi hakuruhusiwa hata kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu, sasa mwaka 1858 gavana James Douglas akawakaribisha upande wake, wakahama mamia kwa meli mpaka Victoria, na baadhi yao wakavuka kwenda kufyeka msitu Salt Spring wakalima. Kwa hiyo ukiona yale mashamba ya matunda ya zamani jua historia yake ina watu wetu ndani yake. Na kabla ya hao wote ardhi ilikuwa na wenyewe, makabila ya asili ya pwani ile, ambao wapo mpaka leo.

Basi, mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa kile kilikuwa mbele kabisa kwa matunda kwenye jimbo la British Columbia. Halafu huko bara bonde la Okanagan likapata umwagiliaji na usafiri, yakaanzishwa mashamba makubwa, maepo ya kisiwani yakashindwa soko kwa sababu ileile unayoilalamikia wewe, kuvusha. Miti mingi ikaachwa haina mtu wa kuihudumia. Ila mwepo ni mti wa kuishi miaka mingi sana, na bara wakati wanang'oa aina za zamani ili wapande zile chache zinazotakiwa na maduka makubwa, kisiwani hakuna aliyekuwa na haraka ya kung'oa. Ndo zikabaki. Leo wenyewe wanasema aina zinazolimwa pale ni zaidi ya 350.

Kwa hiyo ujanja wao ni nini. Waliacha kuvusha maepo, wakaanza kuvusha watu. Mtu wa mjini dukani anakuta aina sita saba za maepo mwaka mzima, anapanda feri kwenda kuonja asichoweza kukipata kwingine. Kuna Gravenstein linalowahi kuiva, kuna Bramley ambalo ni kali hulili hivi hivi ni la kupikia, kuna linaitwa Pink Pearl nje la kawaida tu ila ulikate, ndani pinki, wanangu walipiga kelele pale.

Uendeshaji wenyewe ni siku moja tu, Jumapili ya mwishoni mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi. Unanunua tiketi, unapewa ramani ya mashamba yaliyofungua milango siku hiyo, unajiendesha mwenyewe shamba hadi shamba. Ukifika mwenye shamba ndo anakupokea, anakukatia vipande, anakwambia huu mti kaupanda nani na unazaa lini. Ukumbini ndo ile meza ya maonyesho uliyoiona, na kina mama wa kijiji wanaoka pai za maepo wanauza. Sikuona jukwaa kubwa wala msanii wa kukodi. Watu walienda kwa ajili ya epo na wakulima wake.

bwanashamba_mkuranga

Mama hapo umemaliza upande wa kule, mimi naongezea upande wa mti maana ndo kazi yangu.

Mwepo unataka baridi ili uamke na kutoa maua vizuri, ndo maana hapa kwetu unaukuta Njombe, Makete, Lushoto, pwani hapana. Halafu mbegu ya epo haifuati mama. Panda mbegu za epo moja, kila mti utakuja na tabia yake na mingi matunda yake hayafai. Kwa hiyo aina yenye jina lazima ibebeshwe, unakata kikonyo, yaani kijitawi, kwenye mti unaoutaka unakiunganisha kwenye mche mwingine. Hiyo Bramley aliyoitaja mama asili yake ni mti mmoja tu ulioota kwa mbegu pale Southwell, Uingereza, mbegu ilipandwa mwaka 1809, yote iliyopo duniani ni vikonyo vya mti ule.

Embe ni mchanganyiko. Kuna embe ambalo kokwa lake moja linatoa miche miwili mitatu mpaka zaidi, na miche ya namna hiyo mingi ni nakala ya mama yake. Kuna lingine kokwa linatoa mche mmoja na huo ni mtoto wa wazazi wawili, hujui atakuja na sura gani. Sasa ile miembe mikubwa ya Mafia, ya Chole, ya Kirongwe huko, mingi iliota kwa kokwa miaka mingi iliyopita. Inawezekana kabisa una mwembe nyuma ya nyumba ya bibi yako ambao duniani kote upo mmoja. Ndo maana maneno yako ya kwamba ukikatwa imeisha ni ya kweli kabisa wala hujatia chumvi.

Ushauri wangu kabla ya tamasha, anza na daftari. Piteni nyumba kwa nyumba msimu huu, piga picha mti na tunda zima na tunda lililokatwa, andika mwenye mti, unazaa mwezi gani, nyuzinyuzi zipo au hazipo, linaliwa bivu au ni la achari na kuungia samaki. Mti mzuri uliozeeka mnachukua vikonyo mnabebesha kwenye miche iliyooteshwa kwa kokwa, na hiyo miche ndo mtakuja kuuza siku ya tamasha. Hela ipo kwenye miche kuliko kwenye embe lenyewe, amini hilo. Embe linaliwa siku ileile, mche mtu anaondoka nao anaupanda Kigamboni na kila mwaka anakukumbuka.

Jambo la pili ni inzi wa matunda. Huyu mdudu aliyetoka Asia aligundulika kwetu Afrika Mashariki mwaka 2003 na toka hapo maembe yamepata tabu sana, jike anatoboa tunda linapokaribia kuiva anataga ndani, unalikata unakuta funza. Yale maembe unayosema yanaozea chini ndo kiwanda chake hicho. Yaokotwe kila siku, yafukiwe chini sana au yafungwe kwenye mfuko mweusi yaachwe juani, na mtege mitego ya kuvutia madume. Hapa kijiji kizima lazima kikubaliane, ukisafisha wewe jirani akaacha ni bure. Na siku ya tamasha pigeni marufuku mtu kuleta maembe au miche kutoka bara. Onyesho liwe la Mafia peke yake. Ongeeni mapema na watu wa afya ya mimea, TPHPA, wawape mtaalamu.

nahodha_utende

Nimesoma yote na nimefurahi, ila mimi naishi hukuhuku kisiwani kwa hiyo niruhusuni niseme magumu yake.

La kwanza, mwembe huku una wenyewe wengi. Mtu wa bara anadhani mwenye kiwanja ndo mwenye mti, huku sio hivyo, kiwanja kinaweza kuwa cha huyu na mwembe ukawa wa yule, kapanda babu yao, sasa hivi warithi wapo kumi na tano na nusu yao wako Dar. Ukisema unafungua shamba watu waje waonje, unafungua kwa ruhusa ya nani? Hilo lisipozungumzwa mapema siku ya tamasha ndo siku ya ugomvi. Wakae na wazee na mwenyekiti wa kijiji, kila mti ulioandikwa kwenye daftari ujulikane msemaji wake ni nani na mapato yanagawanywaje.

La pili ni nani anafaidika. Wageni wakija wanalala kwenye mahoteli ya Utende na Kilindoni, wanakula hukohuko, boti za kuwatembeza zina wenyewe. Mama wa Kirongwe au Baleni mwenye mwembe atabaki kuuza embe moja bei ileile. Nimeona mambo mengi ya utalii yakipita namna hii na sitaki kuliona tena kwenye maembe. Hiyo tiketi na ramani aliyoisema mama wa Tegeta naikubali kwa sharti kwamba hela ya tiketi inarudi kwenye mashamba yaliyofungua, tena siku ileile jioni, hadharani, kila mtu anaona.

La tatu, bahari. Hapo mna bahati. Msimu wa maembe unaangukia kaskazi, bahari inapitika vizuri kuliko kipindi cha kusi, kule mwezi wa saba na wa nane mgeni anaweza kutapika njia nzima kutoka Nyamisati. Halafu papa potwe (whale shark), wale wakubwa ambao watalii wanakuja kuwaona, wanakuwepo upande wa Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, kwa hiyo wageni wa papa potwe wanakuja kipindi hichohicho kwa nauli zao wenyewe, mkiwapata hao hamuanzi na sifuri.

mkaazi_magomeni_asili_unguja

Assalaam aleikum. Mimi kwetu Makunduchi, nataka kuchangia kwenye lile swali la kufa mwaka wa kwanza.

Sisi tuna Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila mwaka mwezi wa saba. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba, wanatoa ya moyoni ya mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba wanazunguka, kisha watu wanakula. Na pale kwetu ni jambo zito mtu kukaa siku hiyo hana mgeni nyumbani kwake. Hilo la mgeni ndo nataka mlishike. Siku hizi wanakuja watalii, wanakuja viongozi, lakini hata wasipotokea hata mmoja Mwaka Kogwa utafanyika vilevile kwa sababu watu wa Makunduchi walioko Dar, walioko Mombasa, walioko Muscat wanarudi. Ni sikukuu yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mwana_kilindoni usianze kwa kuwaza mzungu wala mtu wa Masaki. Anza na watu wa Mafia waliojaa Mbagala, Temeke, Kurasini. Hao wana bibi zao kule, wana miembe waliyoipanda utotoni, na ndo hao warithi kumi na tano wa nahodha. Wakirudi siku moja na watoto wao wakaonyeshwa mti wa babu yao, hata ile kesi ya nani mwenye mwembe inamalizika wakiwa wote wapo. Na chakula kipikwe na nyumba za pale pale, achari ya embe, samaki wa kuungwa kwa embe bichi, mabichi ya chumvi na pilipili kwa watoto, wekeni na mashelisheli na mafenesi na matufaa (yale ya kwetu, sio maepo) yakiwepo. Msikodi msanii. Hela yote ya mwaka wa kwanza itaishia kwake na kwenye spika, na mwaka wa pili asipokuja watu watasema tamasha limekufa.

mwana_kilindoni

Aisee sikutegemea, asanteni sana. Nahodha hilo la warithi nilikuwa sijaliwaza kwa uzito huo na ni kweli tupu, hata mwembe wa kwetu wenyewe hali ni hiyohiyo. Na hili la kuvusha watu badala ya kuvusha maembe limenikaa, miaka yote tunapiga kelele tunataka boti ya mizigo yenye ubaridi, kumbe kuna njia nyingine ya kuliangalia jambo.

Ninavyoona sasa, tuanze kijiji kimoja tu. Kirongwe nina wajomba, naweza kuzungumza nao. Msimu huu daftari peke yake, hakuna tamasha, vijana wawili watatu wa shule ya sekondari wenye simu nzuri wapite na mzee mmoja anayewajua watu. Msimu unaofuata ndo meza. Nitaanza na grupu la watsapu la watu wa Mafia waliopo Dar kama alivyosema ndugu wa Makunduchi.

Swali moja kwa mama wa Tegeta. Maembe mengi hayana jina, ni embe tu. Kwenye kile kikaratasi tunaandika nini?

mama_wa_tegeta

Andika la mwenye mti au la mahali. Embe la kwa Bi fulani, embe la kisimani, embe la nyuma ya msikiti. Maepo nayo mengi yalipata majina hivyohivyo, la kijiji fulani, la mtu fulani, na baadaye yakawa majina rasmi ya vitabuni. Na kwenye matamasha ya maepo ni kawaida kuwa na meza ya watu wanaoleta tunda lisilojulikana, wazoefu wanalikata, wanaangalia mbegu, wanaonja, wanabishana. Wekeni meza ya hivyo na muwaite wazee, bibi wa miaka themanini atalitambua embe kwa harufu tu kabla hujalikata. Nimelia kidogo nikisoma huu uzi, sisi wengine bibi zetu wameondoka na hayo majina.

nahodha_utende

Kuhusu tarehe, msiweke kwa kukariri. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo 2029 na 2030 itaingia ndani ya Januari, na tamasha la kuonja maembe mchana wa Ramadhani halipo. Kwa miaka ya mwanzo piga hesabu ya Desemba, ila mjue kuanzia mwisho wa 2030 Ramadhani itaingia Desemba nayo, hapo mtapanga upya. Angalia na mwezi, chagua siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, maana siku za bamvua maji yanatoka mbali sana na kushusha wazee na watoto kwenye boti ni shida. Jumamosi ni nzuri kuliko Jumapili, watu wa Dar wawahi kurudi kazini. Ukishaongea na wajomba zako Kirongwe nitafute inbox, nina shemeji mjumbe wa serikali ya kijiji pale na nina mwembe wa sindano wa mama yangu mzazi, huo uandikeni wa kwanza.

bwanashamba_mkuranga

Na mimi nitafute, nitakuja kuwafundisha hao vijana kubebesha. Kisu kikali na nailoni ya kufungia mje navyo, miche ya kufanyia mazoezi oteshaneni sasa hivi kokwa zikiwa bado zipo.